Sekunde Mbili za Pua

Kisanduku cha nne kilikuwa kimefutwa mara kumi na moja, na karatasi ilianza kuota manyoya. Kiroboto alipuliza vumbi la raba, akasimama, akaizunguka meza, akaketi, akasimama tena. Jina la Kiroboto hakulipata kwa bahati nasibu. Tangu shule ya msingi hakuwahi kutulia kitini mpaka mwalimu akamaliza sentensi, na sasa, mwaka wa pili katika chuo cha picha na matangazo, kiti chake kilikuwa pambo tu.

“Hebu kaa, unanitia kizunguzungu,” alisema Betri.

Betri alikuwa mwenzake wa kundi: yeye wa kamera, Kiroboto wa penseli. Jina lake nalo lilikuwa na sababu. Kila walipotoka kwenda kupiga picha, kamera alikuwa nayo, ila betri ilikuwa nyumbani inachajiwa.

“Nikae wapi na kesho kutwa ndiyo Ijumaa?” Kiroboto alimjibu, akaketi, miguu ikaendelea kucheza chini ya meza.

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la kahawa la sekunde thelathini. Makundi yalikuwa matano, na kila kundi lilitakiwa kwanza kutengeneza storibodi, yaani karatasi kubwa iliyochorwa visanduku, kila kisanduku picha moja, na chini yake sekunde ambazo picha hiyo itakaa kwenye kioo cha runinga. Ijumaa asubuhi mwenye kahawa angekuja kuchagua storibodi moja tu. Watakaochaguliwa wangepewa kamera kubwa ya chuo, ile inayofungiwa kabatini. Waliobaki wangeandika ripoti ya kurasa kumi. Kiroboto na ripoti ni paka na maji.

Lakini si ripoti iliyomweka roho juu. Kwenye kila pakiti ya kahawa ile palichapwa mchoro wa pua, na chini yake maneno: Imepita puani mwa Mama. Mama huyo alikuwa mama yake mzazi. Miaka kumi na tisa alikuwa akinusa na kuonja kila gunia lililoingia kiwandani, na kukaanga kila gunia lililotoka. Watu waliijua pua yake, uso wake hakuna aliyeujua. Kiroboto alitaka kamera ile kubwa imtazame mama yake mara moja tu, tena yeye Kiroboto akiwa nyuma ya kamera.

Mwalimu wao alipita mezani. Wanafunzi walimwita Sekunde kwa sababu ya saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni kama refa. Alikitazama kisanduku cha nne: kikombe, mvuke unapanda, mtu amefumba macho, anatabasamu.

“Mvuke!” alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona panya jikoni. “Makundi matano, mivuke mitano. Binti, mtazamaji hana pua. Kioo hakinuki. Utamchorea mvuke mpaka kesho, harufu haitamfikia ng’o.”

“Sasa nichore nini, Mwalimu?”

“Unaniuliza mimi? Nenda ukamtazame mtu anayeifanya hiyo kazi. Kila anachofanya ukipime.” Alivua saa yake shingoni akamkabidhi. “Uchore mkono unafanya nini, usichore unachodhani unafanya. Kwenye darasa langu kukisia ni wizi.”

Alhamisi, kabla jua halijakolea, Kiroboto alikuwa kiwandani. Kiwanda ni jina la heshima tu. Kilikuwa chumba kirefu chenye dari ya mabati, magunia ya buni yamepangwa ukutani, na katikati mashine ya kukaangia: pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, na kidirisha cha kioo kisichozidi upana wa kiganja. Ubavuni palikuwa na mkono wa chuma. Ukiuvuta, mlango wa pipa hufunguka na kahawa humwagika kwenye sinia kubwa ili ipoe. Ukichelewa kuuvuta umeunguza, ukiwahi umepata ladha ya nyasi. Ufundi wote uko hapo.

Mama alikuwa amefunga kilemba na aproni ya kahawia. “Umekuja kunichora au kuruka ruka?” alimuuliza.

“Vyote, Mama.”

“Basi rukia kule, usinizibie mwanga.”

Kiroboto alisimama karibu na magunia, saa mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Mama alikaanga awamu tatu, na mara zote tatu mambo yalikwenda vilevile. Kwanza aliinamisha kichwa upande wa pipa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Ndani ya pipa punje zilianza kupasuka, ta, ta-ta, ta. Akatupia jicho kidirishani. Kisha akauvuta ule mkono wa chuma, kahawa ikamwagika kwa kishindo. Halafu akachota punje chache kwa kijiko, akazipeleka puani, sekunde mbili kamili, akatikisa kichwa kukubali.

“Pua inasemaje leo?” Bosi, mwenye kahawa yenyewe, alipaza sauti kutoka mlango wa ofisi. Alikuwa mwanamume mnene wa sauti nene, naye zamani aliwahi kukaanga mwenyewe kabla ya kujenga kitambi.

“Inasema ndiyo, Bosi,” Mama alijibu, na wafanyakazi wakacheka kama walivyocheka kila siku.

Storibodi iliisha hapohapo, juu ya gunia. Kisanduku cha nne, kichwa kimeinama. Cha tano, mkono unavuta chuma. Cha sita, kijiko puani, sekunde mbili. Hakukuwa na mvuke hata chembe. Kiroboto alikimbia nayo mpaka chuoni huku akicheka peke yake njiani, watu wakimpisha.

Betri aliitazama kwa muda. “Nzuri. Ila hapa umegeuza. Anamwaga kwanza ndipo ananusa? Si sawa na kuonja chumvi mboga ikishapakuliwa?”

“Nimepima mara tatu.”

“Labda umechanganya.”

“Naapa mara tatu, Betri! Chuma, halafu pua. Mimi nachora ninachokiona.”

Betri hakuwa mtu wa kubishana. Saa kumi ndiyo ilikuwa mwisho wa kukusanya, akaikunja ile karatasi, akaipeleka ofisini kwa Mwalimu Sekunde, na mlango ukafungwa kwa ufunguo. Hilo mlikumbuke.

Jioni Kiroboto alirudi nyumbani. Kabla hajavua viatu alipigwa na harufu ya kuungua iliyokaba koo. Jikoni sufuria ya maziwa ilikuwa imefurika, povu limegeuka masizi, moshi umetanda. Na Mama alikuwa amekaa papo hapo, hatua mbili kutoka kwenye jiko, ameupa moto mgongo, anashona kifungo cha aproni, anaimba kwa pua.

“Mama! Maziwa!”

Mama aligutuka, akaangusha sindano. “Yarabi! Nilikuwa mbali kimawazo, mwanangu.”

Kiroboto alizima moto, akabeba sufuria nje. Alipokuwa anaisugua, mkono wake ulisimama. Kisanduku cha tano kilimjia, kisha cha sita. Chuma, halafu pua. Mtu anayenusa ili ajue hawezi kunusa baada ya kukata shauri. Akakumbuka wiki iliyopita, nyama iliyoharibika ambayo Mama aliitia kwenye sufuria bila kukunja uso. Akakumbuka manukato aliyomletea shangazi: Mama alijipulizia mpaka mtaa mzima ukapiga chafya. Wakati ule walicheka wote. Sasa aliiacha sufuria na masizi yake.

Alirudi ndani, akachukua kikombe, akakijaza maji ya bomba.

“Mama, hebu ninusie siki hii. Naona kama imeharibika.”

Mama alikipokea bila kutazama ndani, akakipeleka puani. Sekunde moja. Sekunde mbili. Akatikisa kichwa kukubali, vilevile alivyofanya kiwandani. “Nzuri tu,” alisema.

Kiroboto alikichukua kikombe mkononi mwake, akayanywa maji yote mbele yake.

Mama aliokota sindano, akajaribu kuitunga uzi, ikamkataa.

“Tangu lini umejifunza kunitega, wewe?”

“Tangu lini hunusi, Mama?”

“Miezi saba,” Mama alisema. “Yale mafua ya msimu wa mvua. Mafua yaliondoka, pua haikurudi. Nikasema kesho, nikasema wiki ijayo. Nimevuta mvuke, nimekunywa dawa za kila rangi. Hakuna.”

“Na unakaangaje?”

“Kwa masikio. Punje zina mlio, zina mlio wa kwanza na wa pili, na katikati yake kuna kimya kidogo. Hapo ndipo navuta. Hiyo haijanisumbua hata siku moja.” Aliichomeka sindano kwenye aproni. “Kuonja ndiko kunakoniua. Ulimi unaniambia chungu, unaniambia chachu, basi. Mengine nakisia.”

Neno hilo lilimchoma Kiroboto. “Na ukikosea?”

“Nimeshakosea. Gunia moja lilikuwa na ukungu, nikalipitisha. Wateja wakarudisha pakiti. Bosi akamfokea mzee wa ghala mbele ya watu, eti kahifadhi vibaya. Mzee wa watu ana mvi kichwa kizima, akainamia ufagio wake. Nami nimesimama pale.”

“Ukasema nini?”

“Nikanyamaza.” Macho yake yalijaa. “Nitamwambia nini Bosi? Pua yangu imechapwa kwenye pakiti, mwanangu. Mtu asiye na kile alichoajiriwa kwa ajili yake, atamweka kazini wa nini?”

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuumbuliwa na mwanawe wa kumzaa, kwa penseli, tena kwa mapenzi. Kiroboto alikuwa anazunguka jikoni kama aliyeshikwa na siafu.

“Mama, nimekuchora. Nimechora vilevile, kwa mpangilio uleule, na sekunde zake chini. Imeshafungiwa ofisini. Kesho Bosi ataisoma, na yule alikuwa mkaangaji.”

Mama hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

“Basi kesho useme umekosea,” alisema.

“Nitasema.”

Ijumaa Kiroboto alifika chuoni hata mfagizi hajafika. Alikuwa na karatasi mpya kwapani, pua kwanza, chuma baadaye, amelala nayo mawazoni usiku kucha na kuichora alfajiri. Ofisi ilikuwa na kufuli. Alilitikisa, akalipiga teke, akachungulia tundu la ufunguo. Alikuwa amepiga magoti pale aliposikia nyuma yake mlio wa saa ikianzishwa.

“Dakika arobaini kabla ya muda,” Mwalimu Sekunde alisema kwa furaha. “Laiti wote wangekuwa kama wewe! Njoo ukumbini, nimeshazibandika tangu jana jioni.”

La kuvunda halina ubani. Aliikunja ile karatasi mpya mara nne, akaitia mfukoni.

Bosi alikuja saa tatu, amevaa koti linalombana, na hakuja peke yake. “Nimemleta Pua mwenyewe anisaidie kuchagua,” alitangaza. Nyuma yake alisimama Mama, amevaa gauni lake la harusi za watu. Macho yake na ya mwanawe yalikutana yakakimbiana.

Walianza kupita. Mvuke, tabasamu. Mvuke, mtoto anacheka. Mvuke, machweo. Bosi alipiga miayo kwa adabu. Alipofika ya mwisho alisimama. Alisoma kisanduku cha nne, cha tano, cha sita. Akarudi cha tano. Akaweka kidole kinene juu ya ile namba mbili chini ya cha sita.

“Nani kachora hii?”

“Mimi, Bosi.”

“Hapa anamwaga. Hapa ndipo ananusa.” Sauti yake haikuwa nene tena. “Ni hivi ulivyoona?”

“Hapana. Nimekosea. Niligeuza mpangilio.”

“Hukukosea!” Betri aliruka. Maskini Betri, alidhani anaokoa jahazi. “Alipima mara tatu! Mimi mwenyewe nilimbishia, akaapa!”

“Sikupima,” Kiroboto alisema. “Nilidanganya. Niliona nimechelewa, nikakisia.”

Katika darasa lile ni heri ungesema umeiba kamera. Mwalimu Sekunde alimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Alinyoosha mkono tu, Kiroboto akamrudishia saa yake, kisha Mwalimu akaanza kuibandua ile storibodi ukutani, pini moja, pini ya pili. Kona ya karatasi ililegea ikainama. Kiroboto alisimama wima, wala mguu wake haukucheza. Alikuwa amejiambia halii, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kumuuliza.

“Rudisha hiyo pini, Mwalimu.”

Alikuwa Mama. Alipita katikati ya watu, akaikamata ile kona ya karatasi kwa mkono wake.

“Huyu mtoto hajakosea. Tangu anajua kushika penseli hajawahi kuchora asichokiona. Namwaga kwanza, halafu nanusa, na nikinusa sipati kitu. Miezi saba sasa. Nainua kijiko ili wewe, Bosi, unione nimekiinua.”

Bosi alitafuta kiti, akaketi. Kiti kililia.

“Miezi saba,” alisema.

“Miezi saba.”

“Lile gunia la ukungu?”

“Lilipita kwangu. Mzee wa ghala hakuwa na kosa.”

“Nilimfokea mbele ya watu.”

“Nilikuwepo.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza, Bosi.”

Bosi alitoka nje. Kupitia dirishani walimwona akitembea uani mpaka kwenye ukuta, akarudi, akaenda tena. Kwa mara ya kwanza Kiroboto aliona mtu mzima akiruka ruka kuliko yeye. Betri alikuwa amejiinamia, anajilaumu kwa minong’ono. Mama aliendelea kuishika ile kona ya karatasi, ingawa pini ilikuwa imesharudi.

Bosi alirudi na jasho kwenye paji la uso.

“Kuonja umeacha, kuanzia leo. Nitatafuta mtu mwenye pua,” alisema. “Na leo hii, kabla ya chakula cha mchana, utamwomba radhi mzee wa ghala. Mbele ya watu walewale. Mimi nitakuwa wa pili, kwa sababu mdomo uliomfokea ni wangu.”

“Sawa, Bosi.”

“Na mashine?” Kiroboto aliuliza. Hakukusudia, ilimtoka tu.

Bosi alimtazama, kisha akaitazama storibodi, kile kichwa kilichoinama kwenye kisanduku cha nne. Alikitazama sana. “Kumbe anakaanga kwa masikio, na miezi saba hakuna hata kilo moja iliyoungua,” alisema polepole. “Nami mwenye pua nimejifungia ofisini, hata mlio wa pipa siusikii. Mashine ni yake.” Akamgeukia Mwalimu. “Nachukua hii.”

Mwalimu Sekunde alikohoa. Alikuwa na lake moyoni tangu Mama alipofungua kinywa. “Mtazamaji naye hana pua,” alisema, kama anayejikumbusha, akamvika Kiroboto ile saa shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

Walirekodi Jumanne. Betri alileta betri nne, zote zimejaa, na ya tano ameificha kwenye soksi. Pakiti za zamani zenye pua zilikuwa zimerundikwa kwenye kona zikisubiri kumalizwa. Mzee wa ghala alisimama mlangoni na ufagio wake, akawafukuza wote waliotaka kupitapita, maana alisikia kwamba safari hii kinachotakiwa ni sauti. Na Mama naye, tangu amwombe radhi, kila alipopita karibu yake alimpisha njia.

“Kimya!” Mwalimu aliagiza.

Pipa lilizunguka. Kiroboto alisimama nyuma ya kamera kubwa, storibodi mkononi. Ta. Ta-ta. Punje ziliitikiana ndani ya chuma, zikachachamaa, zikapungua, kikaja kile kimya kidogo. Mama, kichwa kimeinama, aliuvuta mkono wa mashine. Kahawa ilimwagika kwa kishindo kilichojaza chumba. Kisha, kwa mazoea, akachukua kijiko, akachota, akakiinua.

Kijiko kilifika kifuani kikasimama. Mama alikitazama kana kwamba kimewekwa mkononi mwake na mtu mwingine. Akakirudisha kwenye sinia.

“Endelea, Mama, bado sekunde mbili!” Mwalimu alinong’ona kwa wasiwasi, akiangalia karatasi. “Zile za pua!”

“Hizo niachieni,” Mama alisema, huku akiutazama uso wa mwanawe juu ya kamera. “Nimechoka nazo.”

Akakaa hivyo, mikono imeshuka, hafanyi kitu chochote. Kiroboto alizihesabu kwenye saa, moja, mbili, na hakusema “Kata!”